Shajara ya Corolla ya baba: nipeli nne za breki zilizoganda

Kabla ya kuanza

Gari ni Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1993, injini 5A-FE, breki za diski mbele na ngoma nyuma. Lilikuwa la baba, Mungu amrehemu. Limelala nje miaka yote hapa Raskazone, Tanga, karibu kabisa na bahari. Chumvi ya huku haingoji gari liingie majini. Upepo wa kusi unaileta mpaka mlangoni na kuipaka penye chuma chochote kilicho wazi.

Mwezi uliopita tulikuwa tunashuka kutoka Lushoto, mimi, mama na binti yangu. Tulipoipita Soni, kwenye zile kona zinazofuatana kuelekea Mombo, pedeli ya breki ikaanza kuzama. Mara ya kwanza nusu, mara ya pili karibu iguse sakafu. Nikaingiza gia ya pili, halafu ya kwanza, nikavuta hendibreki kidogo kidogo, tukasimama ubavuni mwa mlima. Baada ya nusu saa pedeli ikarudi juu kama vile hakuna kilichotokea. Mama alikuwa na tasbihi mkononi. Hakusema neno mpaka tulipofika Mombo.

Mafuta yalichemka. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini yanavuta unyevu kutoka hewani, polepole, kupitia mipira ya breki, yaani yale mabomba yake ya mpira, na kifuniko cha kikopo cha mafuta. Yakishakuwa na maji kama asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu, joto la diski linapita kwenye pedi na pistoni, linaingia kwenye mafuta, na yale maji yanageuka mvuke. Mafuta hayabinyiki, mvuke unabinyika. Mguu unakuwa unakanyaga mvuke. Nilipofungua kikopo nilikuta mafuta meusi kama kahawa ya baraza. Kwa miaka mingi gereji zilikuwa zinaongeza tu, hakuna aliyeyamwaga.

Kuyamwaga kunahitaji kufungua nipeli 4, vidude vidogo vya kutolea upepo (hewa) na mafuta ya zamani, moja kila gurudumu. Nadhani hazijaguswa tangu gari litoke Japani.

Jumamosi

Saa 2 asubuhi gari lilikuwa juu ya stendi, mawe kwenye matairi yaliyobaki chini. Nipeli zote hazina kofia za mpira. Tundu la kila moja limejaa udongo na kutu.

Nilifanya kosa hapa, na naliandika kama lilivyokuwa. Nilianza na ya nyuma kulia kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu na kivuli. Nikapuliza WD-40, dawa ya kulegeza kutu, nikangoja dakika 10, nikaweka spana ya mdomo namba 8, nikavuta. Haikuteleza wala haikutoa mlio. Ilijipinda laini kama mshumaa uliopata joto, kwa sekunde nzima nikafurahi nikidhani inafunguka, kisha kichwa kikabaki ndani ya spana.

Nilikaa chini ya mwembe nikiwa na kile kipande kiganjani, na nilipokitazama vizuri ndipo nilipoelewa ninashughulika na kitu gani. Nipeli si boliti. Ni bomba. Katikati yake kuna tundu linalopita kwa urefu, na karibu na ncha kuna tundu jingine la kukatisha. Kuta zake ni nyembamba. Kitabu cha gari kinataka ikazwe kwa niutoni-mita 8 na ushei tu, wakati nati ya tairi inakazwa kwa 103. Kitu kilichotengenezwa kwa nguvu ya vidole viwili, mimi nimekivuta kwa bega. Tena kwa kuwa haina kofia, maji ya mvua yaliingia kwenye tundu na kuila kutoka ndani, kwa hiyo hata zile kuta nyembamba zilikuwa zimebaki nusu.

Nimesimama hapo. Sikugusa nyingine.

Jumapili

Alasiri nilikwenda kwa mzee jirani yetu aliyekuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la mkonge mpaka alipostaafu. Nilimpa shikamoo, nikamkabidhi kile kipande. Alikigeuza mara mbili, akakipuliza, akakichungulia kama mtu anayetazama sindano ya kushonea.

“Umeivuta kabla hujaiamsha,” akasema.

“Kuiamsha vipi, mzee?”

“Kwa nyundo. Na kwa kukaza.”

Aliposema kukaza nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza, nami nayaandika kwa maneno yangu. Ncha ya nipeli ni ya mchongoko, na inakaa juu ya kiti cha mchongoko ndani ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Hapo ndipo inapozuia mafuta. Kwa maana hiyo meno yake, yaliyo juu ya ile ncha, hayapati mafuta hata tone kwa miaka yote. Yako upande wa nje, upande wa maji na chumvi. Kutu inayoota pale inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inajikaza yenyewe katikati ya meno kama kabari. Ukivuta kwa kufungua tu, unaisukuma ile kabari upande mmoja. Ukikaza kidogo kwanza, unaivunja mahali ilipozoea kukaa, halafu ukirudi inakuwa imeshapasuka.

Na nyundo? Mtikisiko unaipasua kutu, ambayo haipindi kama chuma, na nyufa zake ndizo njia ya mafuta ya kulegeza kupenya. Bila nyufa, unaweza kupuliza kopo zima na yote yakaishia juu juu.

Jioni nilisafisha nipeli 3 zilizobaki kwa brashi ya waya mpaka nikaona mahali zinapoingia kwenye chuma. Matundu niliyachokonoa kwa spoku ya baiskeli iliyochongwa. Kisha nikachanganya asetoni na mafuta ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kioo, nikadondosha kwa sindano kwenye kila shina. Mchanganyiko huu unajitenga ukiutuliza, lazima utikise kila mara. Asetoni inashika moto upesi sana, kwa hiyo hakuna sigara wala jiko karibu.

Jumatatu mpaka Jumatano

Asubuhi kabla ya kazi: matone matatu kila nipeli, na kugonga. Jioni vivyo hivyo.

Kugonga kwenyewe: natumbukiza mkia wa biti ya drili inayoenea kwenye tundu, ili kichwa kisibonyee, kisha nagonga kwa nyundo ya gramu 200, moja kwa moja kuelekea ndani, mapigo mafupi kama ishirini. Halafu nagonga chuma cha kalipa kuizunguka. Siyo kugonga kwa hasira. Mzee alinionyesha sauti. Nipeli iliyoganda inaitikia pamoja na kalipa, mlio mmoja mzito. Ikianza kuachia, kunaongezeka kitu chepesi juu yake. Jumatano jioni niliisikia hiyo tofauti kwenye mbele kushoto. Binti yangu naye aliisikia kabla sijamwambia asikilize nini.

Alhamisi

Mbele kushoto imefunguka.

Nilitumia soketi ya pembe 6, namba 10, na kipini kifupi kabisa nilichonacho. Spana ya mdomo inashika pembe mbili tu, na ringi ya pembe 12 inashika ncha za pembe. Kwa nati yenye afya haidhuru, kwa kichwa kilicholiwa na kutu ni hasara. Kipini kifupi nacho nimekichagua makusudi, kwa sababu mkono unasikia. Nilikaza kidogo sana. Pakatoka mlio wa “tik”, kama ukucha kwenye kikombe. Nikarudi kufungua, ikasogea nywele moja. Matone. Nikakaza tena, nikafungua, kila safari mbele kidogo kuliko safari iliyopita, kama kumtoa ng'ombe kwenye tope. Dakika 20 nzima. Ikija kukataa, nilirudi nyuma badala ya kulazimisha. Mwishowe tone jeusi likachomoza kwenye tundu.

Sijui kama nimewahi kufurahia tone la uchafu namna ile. Nimeifunga tena kwa mkono, kazi ya leo imetosha.

Ijumaa, baada ya sala

Nyuma kushoto. Kichwa chake kilikuwa kimeliwa mpaka soketi namba 8 inacheza. Hapa nilibana kwa vaisigripu, koleo linalojifunga lenyewe, nikaifunga ngumu sana kabla ya kugusa upande wowote. Vaisigripu inayoteleza ndiyo inayomaliza pembe zilizobaki, na inayobana kupita kiasi inabonyeza tundu, kwa hiyo niliacha biti ya drili ndani. Kukaza, kugonga, kufungua. Imetoka nzima, ingawa haifai tena. Nipeli mpya ni bei ya soda chache, sioni sababu ya mtu kurudisha ya zamani iliyoumia.

Mbele kulia, hakuna kitu. Siku tano za matone na nyundo, na mlio wake bado mmoja. Nilipohisi kipini kinaanza kuwa laini, ule ulaini ninaoujua sasa, niliondoa mkono.

Jumamosi ya pili

Kuna fundi aliyenishauri ile ya mbele kulia niichome kwa gesi hapohapo kwenye gari. Nimekataa, na naeleza kwa nini, maana ushauri huu unatembea sana. Ndani ya kalipa kuna sili za mpira na mafuta ya breki yanayowaka. Mafuta yaliyofungiwa yakipata moto yanatafuta pa kutokea. Na kama umetoka kupuliza dawa ya kusafishia breki ya aina yenye klorini, ikikutana na moto inaweza kutoa fosijini, gesi ya sumu inayoua mapafu. Moto ni dawa, lakini ni dawa ya kalipa iliyo mezani, tupu, ambayo sili zake umeshaamua kuzitupa.

Hivyo nikafanya hivyo. Kalipa imetoka kwenye gari, mpira wa breki nimeuziba. Pistoni niliitoa kwa upepo wa kompresa kidogo kidogo, kipande cha mbao mbele yake na vidole mbali. Inaruka kama risasi ukizembea. Sili na kifuniko chake cha mpira vimetupwa, nimenunua seti mpya Ngamiani. Kalipa nimeiosha kwa maji na sabuni, nikaikausha juani mpaka mchana. Kisha kwenye jiriwa, tundu la mpira wa breki likiwa wazi ili hewa iwe na pa kutokea.

Mzee alikuja na mshumaa.

Moto unaelekezwa kwenye chuma kinachoizunguka nipeli, si kwenye nipeli yenyewe. Lengo ni tundu litanuke kabla ya kilichomo ndani. Hatukufika kwenye wekundu, hata karibu yake. Mzee alikuwa anagusisha mshumaa kila baada ya muda. Nta ikiyeyuka na kutiririka bila kutoa moshi mwingi, alisema, inatosha. Akazungusha nta kwenye shina la nipeli, na mbele ya macho yetu ikazama. Ilivutwa ndani ya meno kama wino kwenye karatasi ya kukaushia. Tukaacha ipoe kidogo, tukapasha tena, nta tena.

Mara ya tatu nikaweka soketi. Nikakaza. “Tik.”

“Sasa taratibu,” mzee akasema, “usiikimbilie.”

Imetoka nzima. Meno yake yalikuwa mekundu upande wa juu na meusi yanayong'aa upande wa chini, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikuwa mahali maji yalipokuwa yameishia. Nimeiweka kwenye kikopo cha misumari, siitupi.

Jumapili ya pili

Leo ni ile niliyoivunja siku ya kwanza, nyuma kulia.

Watu wengi wangetoboa. Inawezekana, kwa sababu nipeli tayari ina tundu katikati na biti inapata njia. Lakini kile chuma kigumu cha kutolea boliti zilizokatika kikivunjikia ndani, biti ya kawaida haikitoboi tena. Kwenye kalipa ya bei ningejaribu. Kwenye silinda ndogo ya gurudumu la nyuma sikuona sababu, silinda mpya inakuja na nipeli yake. Nimenunua mbili, kushoto na kulia, kwa sababu nilipoinua kifuniko cha vumbi cha ile ya kushoto nilikuta unyevu wa mafuta chini yake. Sili zilikuwa zimeshaanza kuchoka.

Kumbe ugumu uko nyuma ya silinda. Paipu ya breki inaingia kwa nati yake, na nati hiyo imegandana na paipu yenyewe. Ukizungusha nati, paipu inazunguka nayo na kujisokota. Nilitumia spana ya paipu, ile kama ringi iliyokatwa upande mmoja ili ipite kwenye paipu. Ya kushoto iliachia kwa matone na kwenda mbele na kurudi. Ya kulia paipu ilianza kujisokota, na nilipoiona rangi inachanika nikaacha. Paipu iliyosokotwa haiaminiki hata kama haijavuja bado. Nimeikata, nikaichukua yote kama kipimo, na kesho nitatengenezewa nyingine ya chuma kwa fundi mwenye mashine ya kukunja ncha mara mbili.

Jumanne

Paipu mpya imefungwa. Kalipa ina sili mpya, imerudi upande wake, nipeli ikiwa juu. Nalitaja hili kwa sababu kalipa za kushoto na kulia zikibadilishana, nipeli inakaa chini, na upepo unabaki juu ya pistoni milele, utatoa upepo mpaka uchoke.

Kila nipeli mpya nimeipaka grisi ya silikoni ya breki kwenye meno tu, mbali na ncha na tundu la kukatisha. Grisi ya kawaida haikaribii hapa. Mafuta ya petroli na jamii yake yanavimbisha mpira wa breki.

Jumatano, kutoa upepo

Binti yangu alikaa kwenye usukani. Chini ya pedeli nimeweka kipande cha mbao, kwa sababu masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedeli, ikiwa ya miaka mingi ina sehemu ya mwisho ambayo sili zake hazijawahi kufika. Huko kuna kutu na uchafu, na ukikanyaga mpaka sakafuni sili zinachanika leo leo.

Tulianza nyuma kushoto, gurudumu la mbali kabisa na masta silinda kwa gari la usukani wa kulia. Mrija wa plastiki unaoonyesha, ncha yake imezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

“Kanyaga.”

“Nimekanyaga, baba.”

“Shikilia.” Nafungua robo mzunguko, mafuta yanatoka, nafunga. “Achia.”

Mrija ulitoa kahawa, kisha chai ya rangi, kisha viputo, kisha maji ya asali. Nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kikopo cha juu kilikuwa kinaangaliwa kila baada ya mikanyago mitano. Kikikauka, unaanza upya. Nimetumia lita 1 na kidogo ya DOT 4, ambayo inachanganyika na DOT 3 bila tabu na kiwango chake ni nyuzi 230 yakiwa mapya, 155 yakishapata maji. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizi. Tone lililoanguka kwenye bawa la gari nimelimwagia maji papo hapo, maana linachubua rangi.

Pedeli iko juu na ngumu. Ukiwasha injini huku umeikanyaga inashuka kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Nimekanyaga kwa nguvu zote dakika nzima, kisha nikapita kila gurudumu na karatasi ya chooni kavu. Hakuna unyevu popote.

Wiki mbili baadaye

Tumerudi Lushoto. Kabla ya safari nilizunguka mitaa ya hapa siku tatu, polepole, nikipima kila jioni kiwango cha kikopo.

Kushuka nilikaa gia ya pili tangu juu, nikikanyaga na kuachia badala ya kuburuza. Kona ileile chini ya Soni, pedeli ilibaki palepale. Nilisimama kwa hiari yangu, ubavuni mwa mlima uleule, nikakanyaga mara kumi gari likiwa limesimama. Palepale. Mama aliuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu. Akashuka kununua matunda kwa watoto wa barabarani.

Kofia za mpira nilizifunga zote nne. Leo nimekagua, ya nyuma kushoto haipo. Nitaweka nyingine kabla ya mvua za vuli, na kila baada ya miezi sita nitazifungua nipeli zote robo mzunguko na kuzifunga.